Jicho Lisilo na Mwenyewe: Mwili wa Msichana katika Utendi na katika Runinga

Uhakiki wetu unapogusia usawiri wa wasichana katika vyombo vya habari, aghalabu hukimbilia suala la mavazi: sketi ni fupi, kifua ki wazi, maadili yamepotoka. Makala haya yanashikilia kwamba usomaji huo umekosa shabaha, kwa kuwa humwacha msichana palepale alipowekwa na tangazo, yaani katika hali ya kitu cha kukaguliwa.

Mwaka wa 1998, Barbara Fredrickson na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio ambalo mhakiki wa fasihi angepaswa kulitafakari. Wanafunzi wa chuo walijaribu ama sweta ama vazi la kuogelea, kila mmoja peke yake mbele ya kioo, kisha wakafanya hesabu. Wanawake waliovaa vazi la kuogelea walifanya vibaya zaidi. Wanaume hawakuathirika hivyo. Chumbani hamkuwa na mtazamaji. Jicho lilikuwa limekwisha kuhamia ndani ya anayetazamwa.

Linganisha hali hiyo na Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka wa 1858. Mama mgonjwa anamuusia bintiye ajipambe kwa hina, wanja na vikuku, na wapo wahakiki waliomlaumu mtunzi kwa kumfunza mwana utiifu. Lawama hiyo ina msingi, kwani anayepambiwa ni mume. Hata hivyo, pambo katika utendi huo huwekwa juu ya mwili, nalo huvuliwa. Jicho linalotazama lina mwenyewe anayejulikana. Umbo la binti halihesabiwi kuwa kosa la kusahihishwa. Tena kabla ya wasia wenyewe, binti huitwa akaribie na wino na karatasi: yeye ni mwandishi kabla hajawa mwenye kupambwa. Hatudai kwamba alikuwa huru. Twadai kwamba alisemeshwa.

Tangazo halimsemeshi msichana. Kamera humkata vipande (paja, midomo, kiuno) na kila kipande husimama badala ya mtu mzima. Mwanafunzi wetu anayeitambua mbinu hii papo hapo katika shairi huipita bila neno akiiona katika runinga.

Athari zake si za kinadharia. Runinga ilipofika mkoa wa Nadroga, Fiji, mwaka wa 1995, Anne Becker hakupata msichana wa shule aliyesema kwamba hujitapisha ili apungue uzito. Mwaka wa 1998, katika kundi jingine la wasichana wa umri uo huo, asilimia 11.3 walikiri kufanya hivyo, katika jamii iliyokuwa ikiusifu mwili ulionawiri. Makundi mawili madogo hayathibitishi kila kitu. Lakini katika mahojiano, baadhi ya wasichana hao walieleza wembamba kuwa njia ya kupata kazi. Walikuwa wameisoma runinga kwa makini kuliko wahakiki wanaopima urefu wa sketi.