Kila Injini Ina Njia Yake ya Kufa

Ukisimama kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, ukauliza shangingi la mtumba linunuliwe likiwa na injini gani, jibu la kwanza huwa 1HZ. Baada ya hapo maneno hugawanyika. Mmoja atakwambia uikimbie 1KZ, mwingine ataitetea kwa nguvu zake zote, wa tatu atasema dizeli za kisasa ni mzigo na heri uchukue ya petroli. Wote wana sababu. Lakini mnunuzi anayeondoka pale na jina la injini tu amebeba nusu ya maarifa. Jina linaeleza jinsi injini ilivyoundwa. Halielezi hii iliyo mbele yako imepitia nini. Na katika jiji ambalo Mto Msimbazi hufurika hadi Barabara ya Morogoro ikafungwa pale Jangwani, yaliyoipata injini yanaweza kuwa na uzito kuliko jina lake.

Hata hivyo jina lina kazi moja kubwa. Injini haziharibiki ovyo: kila moja ina mahali pake dhaifu, palipotokana na uamuzi wa wahandisi walioiunda. Anayejua mahali hapo hukagua kwa dakika chache kile ambacho mwingine atakizunguka mchana kutwa.

Tuanze na hiyo 1HZ. Toyota iliitoa mwaka 1990: dizeli ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, isiyo na turbo. Dizeli hainyunyiziwi moja kwa moja juu ya pistoni. Huingia kwanza kwenye chumba kidogo ndani ya silinda hedi, ikaanza kuwaka humo, kisha moto ukasambaa taratibu. Pampu ya dizeli ni ya kimakanika. Kwa ukubwa wote huo injini hutoa nguvu za farasi karibu 130 tu, na hapo ndipo uimara wake ulipo. Haikamuliwi. Pistoni, konrodi na krankishafti hufanya kazi mbali na kikomo cha uwezo wao, ndiyo maana Land Cruiser za familia ya 70 zenye injini hii zimeendelea kununuliwa na mashirika ya misaada na watu wa hifadhi miaka mingi baada ya dizeli za kompyuta kuingia sokoni.

Nayo hufa. Njia ya kwanza ni mkanda wa taimingi. Ukikatika, pistoni hukutana na valvu, na injini iliyosifiwa kwa miaka yote inakwisha ndani ya sekunde moja. Toyota iliweka taa ya T-BELT kwenye dashibodi kumkumbusha dereva, na mafundi wengi huubadilisha kila kilomita 100,000. Taa hiyo huzimwa hata kama mkanda haukuguswa, kwa hiyo mimi siiamini. Naamini risiti, au mfuniko wa mkanda ukifunguliwa mbele ya macho yangu. Njia ya pili ni tamaa ya mwenye gari. Wapo wanaoifunga turbo ili ikimbie, na joto la ziada hupasua vile vyumba vidogo vya hedi. Ukikuta 1HZ yenye turbo, elewa kwamba ile sababu iliyokufanya uitafute imeshaondolewa. Njia ya tatu ni pampu: gari linalowaka vizuri asubuhi lakini likasumbua kuwaka baada ya safari, likiwa moto, mara nyingi pampu yake imeanza kulika.

1KZ-TE ni habari nyingine, na kwa mnunuzi wa Dar es Salaam ndiyo inayohitaji jicho kali zaidi, kwa sababu imo kwenye Prado za 90 zilizoundwa kati ya 1996 na 2002 na kwenye Hilux Surf nyingi, magari ambayo bei yake inafikika. Ina silinda nne, sentimita za ujazo 2,982, turbo, na hedi ya alumini iliyokaa juu ya bloku la chuma. Alumini hutanuka kuliko chuma. Injini ikichemsha, hedi hutaka kutanuka na bloku haliifuati. Hedi hupinda, au hupasuka katikati ya valvu. Kwa hiyo swali la 1KZ ni moja tu: imewahi kuchemsha? Muuzaji hatakujibu. Inabidi injini yenyewe ijibu.

Dar es Salaam ina kila kitu cha kuichemsha. Joto, foleni ambamo upepo haupiti kwenye rejeta, rejeta zilizoziba, na mazoea ya kujaza maji ya kisima yenye chumvi badala ya kulanti. Chumvi na kutu hula njia za maji kutoka ndani. Kisha kuna jambo linalofanywa kwenye gereji nyingi kwa nia njema: gari likichemsha, fundi hutoa themostati na kuitupa. Mshale wa joto unashuka, mteja anafurahi. Kwangu hicho ni kielelezo cha kwanza. Ukiendesha gari nusu saa mjini na mshale hausogei kufika katikati, kuna mtu aliyewahi kulikimbia joto la injini hii, na tatizo lililomkimbiza huenda bado limo.

Kipimo chenyewe hakina gharama kubwa. Fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi kabisa. Maji yenye rangi ya kutu au utando wa oili yanatosha kusimamisha mazungumzo. Yakiwa safi, funga, washa, na ushike bomba la juu la rejeta katika dakika ya kwanza au ya pili. Maji hayajapata joto bado, kwa hiyo bomba linatakiwa kuwa laini. Likikaza kama lina shinikizo, gesi ya mwako inapenya kuingia kwenye maji, na njia yake ni gasketi iliyoungua au ufa kwenye hedi. Fundi mwenye kifaa cha kemikali atahakikisha: kimiminika cha bluu huwekwa juu ya mdomo wa rejeta, na gesi ya mwako ikikipitia hubadilika rangi. Ningelipia kipimo hicho kabla ya kulipia kingine chochote kwenye Prado ya aina hii.

Mrithi wake, 1KD-FTV, ambaye wengi tunamjua kwa nembo ya D-4D kwenye Prado za 120 za kuanzia 2002, ana ujazo uleule wa 2,982, maana kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni havikubadilishwa. Kilichobadilika ni jinsi dizeli inavyoingia. Sasa inasukumwa kwa shinikizo la zaidi ya bar 1,300 kupitia nozeli zinazoamriwa na kompyuta. Watu wanaziogopa nozeli hizo kwa bei yake, na ni kweli zinauma mfukoni, lakini hatari kubwa iko chini yake: washa za shaba zinazoziba mahali nozeli inapokaa. Zikianza kuvuja, gesi ya mwako hupenya hadi chini ya kava la valvu na kuipika oili iwe lami. Lami hiyo husafiri hadi kwenye sampo na kuziba chujio ambalo pampu ya oili hunyonyea. Dereva haoni kitu mpaka taa ya oili iwake, na wakati huo beringi zimeshasagwa. Kwa hiyo kwenye D-4D fungua mfuniko wa oili na uangalie ndani kwa tochi. Weusi wa kawaida wa dizeli unaruhusiwa. Ukoko mzito uliogandamana hauruhusiwi. Mwenye mashine ya kusoma kompyuta aangalie pia kila nozeli inasahihishwa kwa kiasi gani. Moja ikiwa mbali na wenzake, hesabu ya gari imebadilika.

Petroli nazipitia haraka, kwa kuwa hazina mafumbo mengi. 3RZ ya Prado, yenye sentimita za ujazo 2,693, hutumia mnyororo badala ya mkanda, haina turbo, na spea zake zipo. Inakunywa mafuta. Kwa mtu wa mjini anayekwenda porini kwa msimu, naiona ni chaguo lenye busara kuliko D-4D isiyo na kumbukumbu za matengenezo.

Haya yote hutegemea jambo moja ambalo wauzaji wazoefu wanalijua vizuri: ukaguzi ufanyike injini ikiwa baridi. Injini ya moto huficha. Ringi zilizolika hujibana, hita plagi mbovu hazionekani, kugonga kwa asubuhi kunanyamaza. Kabla ya kusalimiana sana, weka kiganja juu ya kava la valvu. Likiwa na joto na muuzaji alijua unakuja, omba kurudi kesho alfajiri, na usikubali gari liwashwe kabla hujafika. Likiwashwa mbele yako, tazama ekzosi. Moshi mweupe kidogo unaopotea mara si neno. Wa bluu unaodumu ni oili inayoungua. Mweusi unapokanyaga ni dizeli isiyowaka yote, na pengine si zaidi ya ea klina chafu. Kisha geuza mfuniko wa oili juu chini, uuweke huru juu ya tundu lake injini ikiunguruma. Dizeli zote hupumua kidogo. Mfuniko ukirushwa, mgandamizo unapotea kupitia kwenye ringi, na kipimo cha geji kwa kila silinda ni cha lazima. Hapo usihangaikie sana namba yenyewe; tafuta silinda iliyo tofauti na wenzake.

Silinda hiyo moja iliyo tofauti inatufikisha kwenye maji.

Mvua za Desemba 2011 ziliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na familia za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi Mei 2016, karakana yao ilikuwa palepale bondeni, Jangwani, na imefurika mara kadhaa mabasi yakiwa ndani. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya kulikarabati bonde hilo. Ikiwa mabasi ya mradi wa taifa yamezama pale, magari ya watu binafsi yaliyopita au kuegeshwa kandokando ya bonde yamezama pia, na mengine yameoshwa, yamekaushwa na kurudi sokoni.

Hesabu ya maji ndani ya dizeli inatisha. Kila silinda ya 1HZ ina karibu mililita 694, na hewa inayoijaza hubanwa zaidi ya mara 22. Pistoni ikifika juu, nafasi inayobaki ni kama mililita 32. Maji hayabanwi. Vijiko vitatu vya chakula vikinyonywa kupitia ea klina vinatosha kupinda konrodi. Cha kusikitisha zaidi ni kwamba injini yenye konrodi iliyopinda kidogo inaweza kukaushwa, ikawaka na kuuzwa. Pistoni yake haifiki tena juu kama zamani, kwa hiyo mgandamizo wa silinda ile unakuwa chini, na konrodi inaendelea kuchoka hadi siku itakapotoboa bloku barabarani. Ndiyo maana nasisitiza kipimo cha geji kwa kila silinda kwa gari lolote lililoishi Dar es Salaam, hata liwe na 1HZ na hata liwe na snokeli. Snokeli hulinda mdomo wa hewa tu; haizibi difu, gia boksi wala altaneta.

Anayeosha gari huosha panapoonekana. Ondoa ea klina uangalie kuta za boksi lake: matope laini hukauka na kuacha mstari. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa, maana sehemu iliyojikunja ndani haifikiwi na muosha magari. Pitisha kidole kwenye reli za viti. Chungulia chini ya dashibodi upande wa abiria, kwenye soketi za kompyuta, utafute ukijani wa shaba. Legeza nati ya kujazia oili ya difu; oili yenye rangi ya chai ya maziwa imekunywa maji. Gari lililozama karibu na Daraja la Salenda, ambako mto hukutana na bahari, liogope zaidi, kwa kuwa chumvi huendelea kula nyaya muda mrefu baada ya maji kukauka. Na gari linalotangazwa kwa bei ya kushangaza kuanzia Juni, masika yakishakatika, lianzie kwenye ukaguzi huu kabla ya mwingine wowote.

Kilomita sijazitaja, na nimefanya hivyo makusudi. Kwa gari lililoletwa kutoka Japani, cheti cha kusafirishia huandikwa kilomita, kitake, ulinganishe. Kwa gari lililokwisha tembea hapa nchini, namba ile ya dashibodi ningeipa nafasi ya mwisho kabisa.

Kuna mahali ambapo vipimo hivi vingi havifanyiki: minada ya magari ya Serikali na ya mashirika, ambako gari huuzwa kama lilivyo na mahali lilipo, na mara nyingi haliwashwi. Land Cruiser nyingi nzuri zimepita huko, zikiwa na 1HZ zake. Nenda siku ya kuangalia, uende na fundi, tochi na kitambaa cheupe. Kijiti cha oili, mfuniko wa oili, mfuniko wa rejeta, boksi la ea klina na mikanda ya viti vinaweza kukaguliwa bila kuwasha injini. Vikiwa safi, kwenye dau lako toa gharama ya mkanda wa taimingi na kuhudumia pampu. Ikiwa gari ni la hedi ya alumini, toa pia gharama ya hedi nzima mpya pamoja na kazi ya kuifunga, kama vile umeshathibitisha kuwa imepasuka. Dau likishindwa kwa hesabu hiyo, liache lishindwe.