Mcheza Kwao Hutuzwa

Kiswahili kina neno moja ambalo halikubuniwa na baraza lolote wala halikufundishwa darasani, lakini limeenea nchi nzima. Neno hilo ni zilipendwa. Kwa neno hili tunazitaja nyimbo za dansi za miaka ya 1960 hadi 1980, nyimbo za NUTA Jazz, Morogoro Jazz, Vijana Jazz, Mlimani Park na wenzao. Mwalimu wa lugha akilichambua atakuta mambo mawili. Kwanza, limebeba kiambishi cha wakati uliopita. Pili, kitenzi kimo katika kauli ya kutendwa na mtendaji hakutajwa. Nyimbo zilipendwa. Alizipenda nani, na sasa anazifanyia nini, hatuambiwi. Mapenzi haya nayasikia kila wiki hapa Kibaha, na kwa muda mrefu nimekuwa na mashaka nayo.

Jumapili jioni, hapa Maili Moja, wazee wenzangu hukusanyika mahali penye kinywaji baridi na spika kubwa. Nyimbo za zamani hupigwa, vichwa hutikiswa, na kabla jua halijazama hukumu huwa imetolewa, kwamba siku hizi hakuna muziki, kuna kelele. Ndani ya hukumu hiyo mna madai matatu. La kwanza, nyimbo za zamani zilikuwa bora. La pili, za sasa ni makelele matupu. La tatu, sisi tunazipenda zile za zamani. Nitayapima moja baada ya jingine.

Dai la kwanza lina ukweli mwingi. Wimbo wa dansi ulikuwa na mpangilio. Ulianza polepole, beti zikasimulia kisa kwa utulivu, magita matatu yakapishana bila kugongana, tarumbeta zikajibu, kisha likaja chemko na watu wote wakasimama. Wimbo ulichezwa ukumbini wiki nyingi kabla haujapelekwa kurekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na kwa hiyo ulifika studio ukiwa umeiva. Lakini hebu tuulize ubora huo ulitoka wapi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park iliundwa mwaka 1978, na mwaka 1983 ikawa chini ya Shirika la Maendeleo ya Dar es Salaam, DDC. Vyombo vilikuwa mali ya shirika, wanamuziki walilipwa mshahara, na mazoezi yalikuwa kazi ya kila siku kama kazi nyingine. Ubora ule ulizaliwa na utaratibu na jasho, haukuletwa na baraka fulani iliyokuwa hewani katika miaka ile.

Aidha, utaratibu huo ulikuwa na gharama yake. Mashairi yalikaguliwa kabla ya kurekodiwa, na mwanamuziki aliyekula mshahara wa shirika la umma alichagua maneno kwa uangalifu. Remmy Ongala alipoimba "Mambo kwa Soksi", kuwahimiza watu wajikinge na UKIMWI, redio haikuupiga wimbo huo, ingawa watu walikuwa wakizikana. Tena tusisahau kwamba kumbukumbu ni chekeche. Katika miaka ile zilitungwa pia nyimbo nyingi za kusifu bila kusema kitu, na nyingine nyingi zilizomtupia mwanamke lawama za kila ndoa iliyovunjika. Hizo chekeche limezimwaga. Tunapopima nyimbo bora ishirini za miaka thelathini dhidi ya chochote kinachopigwa leo kwenye daladala, mizani yetu si ya haki.

Dai la pili ni kwamba nyimbo za sasa ni kelele. Msomaji wa rika langu atakumbuka kwamba shutuma hii tuliwahi kutupiwa sisi. Mwaka 1969, wakati wa Operesheni Vijana, walisakwa waliovaa suruali za kubana na sketi fupi, na mwaka huohuo muziki wa soul ulipigwa marufuku katika kumbi za Dar es Salaam. Waliozoea kuambiwa kwamba wanaharibu utamaduni ndio wanaokaa leo Maili Moja na kuwaambia wajukuu maneno yaleyale.

Tuchukue mfano mmoja wa muziki wa kizazi kipya. Profesa Jay alitoa "Ndiyo Mzee" mwaka 2001. Ndani yake mwanasiasa anajinadi kwa ahadi zisizo na mpaka, na umati unamwitikia kwa utii hadi msikilizaji anaona aibu kwa niaba yake. Kimashairi ni kazi iliyopangwa vizuri. Mzaha unapanda ngazi, kila ahadi ni ya ajabu kuliko iliyotangulia, na kiitikio kinamshitaki anayeitikia kuliko anayeahidi. Bendi ya shirika la umma ya mwaka 1975 isingeweza kuurekodi wimbo huo, hata kama ingekuwa na magwiji wote. Kwa hiyo kuna jambo ambalo vijana wamelipata na sisi hatukuwa nalo.

Watetezi wa zilipendwa watasema Bongo Fleva ina afadhali, tatizo ni singeli. Singeli ilichipukia katika mitaa kama Manzese na Tandale, hutengenezwa kwa kompyuta katika chumba kidogo, na mapigo yake mara nyingi huvuka 200 kwa dakika. Nakiri kwamba masikio ya mzee hayaipokei kwa urahisi. Lakini nilihudhuria harusi katika kijiji kimoja cha Kisarawe, singeli ikapigwa, na bibi mmoja anayenizidi umri akasimama kucheza. Alipoketi nilimwamkia na kumuuliza ameupendea nini muziki ule. Akacheka, akanijibu, "Mwalimu, hii mbona ngoma yetu, wameikimbiza tu."

Bibi yule aliona ambacho wengi hatukioni. Kisarawe ni kitovu cha Uzaramo, na singeli, pamoja na mchiriku ulioitangulia, zimechota mapigo yake katika ngoma za Wazaramo. Sasa tuziangalie bendi zetu tukufu. Mlimani Park waliuita mtindo wao Sikinde, jina la ngoma ya Kizaramo, na wakaongeza "ngoma ya ukae", yaani ngoma ya nyumbani. NUTA Jazz, iliyobadilika kuwa JUWATA na baadaye OTTU, inajulikana hadi leo kwa jina la Msondo, nao msondo ni ile ngoma ndefu ya unyagoni. Hivyo mzee anayesifu Sikinde na kulaani singeli amekalia tawi moja la mti akilitukana tawi jingine, na shina ni hilohilo.

Sisemi kwamba singeli yote ni nzuri. Nyingi ni matusi yaliyokosa hata ubunifu wa tusi, na nyingi zinarudia neno moja mpaka maana inakauka. Ila kasoro hiyo niitaje kwa wimbo fulani, baada ya kuusikiliza hadi mwisho, kama nilivyosahihisha insha za wanafunzi, moja moja. Hakuna mwalimu anayeruhusiwa kulifelisha darasa zima kwa sababu ya sare zao.

Limebaki dai la tatu, ndilo zito kuliko yote, kwamba sisi tunazipenda nyimbo za zamani. Hapa naomba tumtazame Muhidin Maalim Gurumo. Alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Masaki, wilayani Kisarawe, ambacho si ile Masaki ya Dar es Salaam yenye majumba ya kifahari. Alikuwamo NUTA Jazz tangu mwaka 1964, na mwaka 1978 alikuwa miongoni mwa waliokwenda kuiunda Mlimani Park. Sauti yake imo katika bendi zote mbili ambazo wazee hugombana juu yake. Mwaka 2013, alipotangaza kustaafu, alieleza hadharani kwamba nusu karne ya muziki haikumpatia hata baiskeli. Mwaka huohuo alipewa gari, na aliyempa hakuwa klabu ya wapenzi wa zilipendwa. Alikuwa Diamond Platnumz, kijana wa muziki ule tunaouita kelele. Gurumo alifariki dunia tarehe 13 Aprili 2014 na akazikwa kwao Masaki.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Gurumo alicheza kwao, kwa maana zote za neno hilo, na waliomtuza kwa vigelegele walikuwa maelfu. Mwanamuziki wa enzi zake alilipwa mshahara na bendi, lakini wimbo wake ulipopigwa redioni mara elfu, mfukoni mwake hakikuingia kitu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki iliyoanzisha COSOTA ilikuja mwaka 1999, wakati wengi wao walikuwa wameshazeeka na wengine wamekufa. Mbaraka Mwinshehe alifariki mwaka 1979, Marijani Rajabu mwaka 1995. Sisi tuliendelea kuzinakili kanda, kisha sidii, sasa simu, na kila tulipofanya hivyo tulisema tunampenda mtunzi.

Mapenzi yasiyomgharimu mpenzi chochote ni burudani tu. Tunaupenda ujana wetu uliomo ndani ya wimbo, na mtunzi tumemgeuza dereva wa kuturudisha huko bila nauli. Kijana anayelipa kiingilio kumwona msanii wake, au anayemtunza shilingi elfu mbili mbele za watu, ana hoja ya mapenzi yenye nguvu kuliko ya kwetu.

Msondo na Sikinde hazijafa. Bado wapo wapigaji wa bendi hizo ambao ni wazee kama sisi, wanapanda jukwaani, na kiti cha mbele mara nyingi kiko wazi. Basi mzee wa Maili Moja aondoke siku moja alipokaa, alipe kiingilio, amtuze mpigaji gita mkononi. Mjukuu wake akitaka kumfuata, wafuatane. Njiani amwachie mtoto apige wimbo mmoja wa kwake, ausikilize wote, ndipo aseme.