Mtazame Jogoo Miguuni

Anayekisifu kitambaa cha kampeni chenye jogoo kilichouzwa mjini Wote mwezi uliopita hajafuga kuku. Undu unang'aa, mdomo uko wazi, rangi zimejaa hadi pindoni, na watu wamekitundika sebuleni kwa fahari. Lakini miguu ni mistari miwili tu iliyoshushwa chini. Kazi hiyo ni mbovu, na inaniuma kuona wachoraji vijana wakiambiwa waige.

Kitambaa cha kampeni kiwe cha pamba, poliesta usiiguse. Kigeuze uone kama rangi imepenya. Nyeusi isipande juu ya nyekundu wala isiiachie mwanya. Rangi ziwe tatu, zikizidi sana nne. Jogoo atazame pembeni, kamwe asikukodolee macho. Ndivyo inavyotakiwa.

Sasa miguu, ambayo mgeni wa kazi hii haioni kamwe. Jogoo wa chama cha KANU ni ndege mwenye uzito, na yule wa ngao ya taifa la Kenya ni vivyo hivyo. Huyu wa ngao ameshika shoka kwa mguu mmoja, kwa hiyo mwili wote unabebwa na mguu uliobaki. Mchoraji hodari huanzia hapo: kifua kinakuja mbele kusawazisha, vidole vitatu vinatawanyika, cha nne kinakita nyuma, na juu yake kinatokeza kipi. Vidole vikikita, jogoo anaimiliki ardhi. Vikining'inia, chama kizima kinaning'inia. Karatasi ya kura ilibeba alama ili hata asiyesoma akitambue chama chake, na mpiga kura wa Mwingi au Kibwezi, aliyekulia na kuku uani, alimjua jogoo imara na jogoo mwenye kideri.

Fundi mmoja wa mabango mjini Kitui, kwenye kampeni za 1992, alimfunga jogoo hai kamba kando ya ukuta kabla ya kushika brashi. Alianza na vidole, undu akauacha mwisho kabisa. Simba wa chama cha FORD-Kenya naye alimwanzia kwenye nyayo, ndipo akapanda shingoni. Nimeona wengi wakichora simba; wanaanza na manyoya, wanapata paka.

Wafaransa, ambao jogoo ni alama yao pia, walilijua jambo hili la uzito vitani. Bango la Abel Faivre la 1915, la kuwahimiza raia watoe dhahabu yao, lina jogoo anayechomoka kwenye sarafu na kumvamia askari wa Kijerumani. Nguvu ya picha ile haiko mdomoni, iko katika uzito unaomwangukia askari.

Matapeli nao hawakosi. Mmoja alichovya vitambaa vipya katika chai ya rangi, akavianika, kisha akawauzia wasafiri wa barabara ya Mombasa kama vya enzi za uhuru. Chai iliwadanganya wengi. Ila alikuwa amenakili picha iliyofifia, na kipi kilikuwa kimepotea. Jogoo mzima asiye na kipi ni tembe aliyevikwa undu.

Siku hizi kuta za Ukambani zimejaa alama za vyama vingine, mwavuli, chungwa na wilibaro, na kijana anayejifunza kuchora mabango hana mguu wa kujipimia. Mafundi wa 1992 wangemfundisha asubuhi moja tu. Kwa hiyo ukikutana na kitambaa cha zamani chenye vidole vinne na kipi, mlipe muuzaji anachotaka, na usikubali mtu akikate foronya.