Denali: hifadhi kubwa, barabara moja

Hifadhi ya Denali, Alaska, ina kilomita za mraba zipatazo 24,500. Serengeti nzima ingeingia humo na nafasi ikabaki. Barabara, hata hivyo, ni moja tu, ya kilomita 148, na gari lako unaishia nalo kilomita ya 24. Kuanzia hapo ni basi. Familia iliyozoea kukodi gari lake na kwenda itakako itanung'unika, na kosa la kwanza la wengi ni kupanga safari kana kwamba sheria hiyo haipo.

Ilianza 1972. Mwaka uliotangulia, barabara kuu ya kutoka Anchorage hadi Fairbanks ilikuwa imekamilika, na wasimamizi waliona magari yanavyokuja. Hawakupanua njia. Waliiacha nyembamba, sehemu kubwa ikiwa ya changarawe, wakayazuia magari binafsi. Mpango wa 1986 ukaongeza kikomo: safari 10,512 za magari kwa msimu.

Ndani ya basi mambo ni rahisi. Yeyote akimwona dubu au mbwa mwitu hupaza sauti, dereva akasimama, wote wakatazama dirishani. (Kuna na mnyama ambaye jina lake kwa masikio yetu ni "karibu", watoto hawatakuacha upumue.) Ukitaka kutembea unashuka, unakata nyikani kusiko na njia, kisha unapungia basi jingine lenye nafasi. Dubu hasogelewi chini ya mita 275. Aliyewahi kuona magari ishirini yakimzunguka simba mmoja Mara ataelewa kwa nini naupenda mpango huu: macho arobaini, gari moja.

Udhaifu wake uko palepale penye nguvu. Barabara ikiwa moja, ikikatika hakuna ya pili. Mahali paitwapo Pretty Rocks, karibu nusu ya njia, barafu iliyo ndani ya mlima inayeyuka na ardhi inateleza. Mwendo uliokuwa wa sentimita chache kwa mwaka ulifika zaidi ya sentimita moja kwa saa, na Agosti 2021 barabara ikafungwa. Mabasi yakawa yanageuzia kilomita ya 69. Ujenzi wa daraja la kuvuka hapo ulianza 2023.

Ukienda na watoto, beba chakula na maji, maana njiani hakuna duka. Kiti cha mtoto njoo nacho. Wakati wa kwenda, kaeni upande wa kushoto: Mlima Denali, mawingu yakiuachia, huonekana huko.