Sifuri Mbili Zilizovuka Mpaka

Kosa hili lilizaliwa na usafi, ndiyo maana sichoki kulitazama.

Ndani ya kiini cha Linux, ile sehemu ya mfumo endeshi inayogawa kumbukumbu na kuamua nani aguse nini, yumo bawabu wa mtandao aitwaye Netfilter. Hupewa kanuni: pakiti hii ipite, ile izuiwe. Kanuni zikitoka kwa programu ya biti 32 kwenda kwa kiini cha biti 64, lazima zipangwe upya, maana huko vitu hukaa kwa mafungu ya baiti nane nane. Chukua NFLOG, kitendo cha kuweka rekodi za pakiti. Data zake ni baiti 76. Kwa hesabu ya nane nane, nafasi inayotakiwa ni 80. Zinabaki baiti nne tupu, na msimbo wa mwaka 2006 ulizifuta kwa kuziandikia sifuri, pasibaki taka. Haukuuliza tu kama baiti hizo bado zimo ndani ya kiwanja chake cha kumbukumbu. Kanuni ya mwisho ikikaa ukingoni kabisa, sifuri humwangukia jirani.

Miaka 15 ikapita hivyo.

Mwaka 2021, Andy Nguyen, mhandisi wa usalama wa Google, akauona ufa huo. Fikiria udogo wake: huchagui cha kuandika, ni sifuri tu. Yeye akatengeneza, ndani ya kumbukumbu ya kiini, foleni 4,096 za ujumbe, kila foleni ina ujumbe mkubwa na mdogo, na kila ujumbe una alama ya foleni yake. Mwanzoni mwa ujumbe mkubwa huwa pana anwani ya ule unaoufuata. Akaondoa baadhi ya jumbe kubwa ili kanuni zake ziingie kwenye mapengo, kisha akaziachia sifuri mbili kati ya zile nne zivuke mpaka. Zikafuta tarakimu za mwisho za anwani moja. Ipi? Akazisoma alama foleni baada ya foleni, bila kuutoa ujumbe wowote, mpaka akaikuta foleni yenye ujumbe mdogo wa foleni nyingine. Sasa ujumbe mmoja ulikuwa na wenyewe wawili. Mmoja akiuachia, mwingine bado anaushika. Kutoka hapo alipanda ngazi kwa ngazi, akizikwepa kinga za kiini, hadi kupata mamlaka yote ya mashine. Sifuri mbili zikampatia zawadi ya dola 10,000.

Ustadi huo nauheshimu. Lakini moyo wangu uko kwa Florian Westphal wa timu ya Netfilter, aliyeliziba pengo Aprili 2021. Wengi tungeongeza sharti la kupima mpaka. Yeye aliuondoa kabisa ufutaji wa pembeni, akaagiza kiwanja chote kiandikwe sifuri kabla kanuni ya kwanza haijaingia. Anayefagia uwanja mzima kabla wageni hawajaketi hana haja ya kupitisha ufagio katikati ya miguu yao.

Mwenye seva ya siku nyingi, andika amri ya uname -r usome toleo la kiini chako. Katika tawi la 5.10, marekebisho hayo yameanzia 5.10.31, katika 5.4, ni 5.4.113.