Kipimo Kinachomlaza Sora Vitani

Bosi Rinzler amebakiza damu ya mapigo mawili matatu. Vidole vimeshazoea mwendo wake, Cure ya kujiponya iko tayari. Ghafla kipimo cha Drop, saa inayopima muda wa mhusika kuwa macho, kinakauka, Sora unayemchezesha anasinzia palepale, na wewe unajikuta uko na Riku, mhusika wa pili, kwingine kabisa. Ukimrudia Sora, Rinzler anakungoja na damu yake yote. Tonge limepokonywa likiwa mdomoni.

Kingdom Hearts 3D: Dream Drop Distance ilitoka kwenye Nintendo 3DS mwaka 2012, na mpaka leo sijasikia utetezi wa kipimo hiki uliosimama kwa miguu yake. Ninaousikia sana ni kwamba hadithi ni ya ndoto, kwa hiyo kulala na kuzinduka ni sehemu yake. Haya. Lakini mbona kulala kwa hiari kumo tayari? Unaweza kubadili mhusika mwenyewe wakati wowote unapoona inafaa. Hadithi mbili zingekwenda sambamba bila saa ya kukukaba koo. Saa haikuongeza ndoto, imeongeza hofu tu: unaona sanduku pembeni na unalipita, kwa sababu kipimo kinashuka hata ukiwa unatembea tu.

Kisha wakatuletea dawa ya ugonjwa walioutengeneza wao. Drop-Me-Not inajaza kipimo kidogo, ila lazima ikae kwenye Command Deck, orodha ya amri unazoingia nazo vitani. Yaani unatoa Balloon, silaha kali kuliko karibu zote humu, ili ubebe kidonge cha kuzuia usingizi. Zile bonasi za Drop Points unazomnunulia mwenzako kabla hajaamka ni kifuta jasho.

Flowmotion, ule mwendo wa kuruka na kuteleza kutani, ni tamu, wala sina neno nayo. Muziki wa mtunzi Shimomura na wenzake pia.

Sasa rudi Birth by Sleep, gemu ya mfululizo huohuo, PSP, 2010. Wahusika watatu: Terra, Ventus, Aqua. Unamchagua mmoja, unamfikisha mwisho wake, ndipo unamgeukia mwingine. Hakuna aliyelalamika kwamba hadithi hazikuungana. Hata gemu ya Crisis Core, ambayo bahati nasibu yake ya DMW nimeisema vibaya miaka nenda miaka rudi, ilikuwa na adabu: inakukatiza sekunde chache, kisha inakurudisha kwa adui yuleyule, na majeraha uliyompa yapo palepale.

Na kwa kuwa nimeshaanza: 3DS, konsoli ya kijiti kimoja, kwa gemu ambayo kamera yake ndiyo nusu ya vita? Tukaambiwa tununue Circle Pad Pro, lile bakuli la plastiki, ndipo tupate kijiti cha pili. Sijasamehe.

Mwaka 2017 gemu ikahamia PS4 ndani ya HD 2.8 Final Chapter Prologue. Picha zikasafishwa, mwendo ukawa laini, kijiti cha pili kikapatikana bila bakuli. Kipimo wakakiacha vilevile. Nafasi ya kukiri kosa waliipata, wakapiga rangi juu yake.

Kama hujaimaliza, fanya hivi: kabla ya kuingia kwa bosi, lala kwa hiari, mlaze na mwenzako mara moja, kisha urudi na kipimo kilichojaa. Utapoteza dakika chache, lakini Rinzler utammaliza kwa mkupuo mmoja.