Ajabu Inayosadikika

Baadhi ya walimu wenzetu hudai kwamba riwaya za kiajabu haziwafai wanafunzi wa Uganda, ati lugha yake ni ngumu na mambo yake hayasadikiki. Sisi twaona sivyo. Mwanafunzi wa Nyakalengija, aliyekua akisikia habari za Kitasamba, mwenye enzi juu ya theluji za Rwenzori, hatashangazwa na babu anayefufuka.

Katika Babu Alipofufuka (2001), Said Ahmed Mohamed anamleta mzuka kumsaili mjukuu wake, K, mkubwa aliyeneemeka huku wananchi wakisota. Mzuka huyu hakuja kutisha watoto, amekuja kuhukumu. Ndiyo sababu ajabu yake yaaminika: kila anapotokea, pana hesabu ya kutolewa.

Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila (2002) yatupeleka mbali zaidi, bara hadi bara, katika kumsaka P.P., yaani Peter Pan. Fikra zake juu ya utandawazi ni nzito, lakini baadhi ya wahusika wamekuwa hoja zinazotembea. Na Nagona ya Kezilahabi (1990)? Hiyo, kwa kweli, tungewaachia wa vyuoni.

Wapo watakaopendelea uhalisia wa Peponi, riwaya ya Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis (2022). Ni kazi safi. Hata hivyo, Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili katika katiba yetu tangu 2005, na bado wengi hukijua kwa amri za askari na bei za sokoni tu. Mzuka anayemhoji mkubwa kwa Kiswahili fasaha ndiye tungependa wamsikie kwanza.